Mguu wa Kushoto wa Bagula

Shangazi yangu Cibalonza aliijua miguu ya watu kuliko nyuso zao. Kwa miaka minane alifanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Louisville, akiwaogesha, akiwakata kucha, akiwapaka mafuta kwenye visigino vilivyopasuka. Jioni akirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Highview, na kuvua sare yake ya bluu, alitusimulia siku nzima kwa miguu: wa bibi wa chumba cha sita umevimba tena, wa yule mwanajeshi wa zamani umekosa vidole viwili, wa mwalimu mstaafu ni mweupe kama mkate ambao haujaiva.

"Sura inazeeka, inakudanganya," alikuwa akisema. "Mguu, hapana. Mguu inabaki vile mama yako aliiacha."

Mguu aliokuwa akiutafuta yeye ulikuwa wa kushoto, na mara ya mwisho alipouona ulikuwa wa mtoto wa miaka minane.

Mtoto huyo ni Bagula, mwanawe wa pekee. Mwaka ambao Uvira, mji wetu kule Kongo, ilipigwa, mumewe Bisimwa alikuwa ameshauawa. Shangazi alikimbia na mtoto hadi ukingoni mwa ziwa Tanganyika, wakakuta boti la injini limejaa. Jirani yao, mama Béatrice, alikuwa ameketi ndani tayari, akanyoosha mikono juu ya vichwa vya watu. Shangazi akampa mtoto. Wakamwambia asubiri boti la pili. Boti la pili halikuja. Yeye akageukia njia ya nchi kavu, akatembea na kusukumwa kutoka mahali hadi mahali mpaka Uganda, na kutoka Uganda akaletwa Kentucky, kwa kaka yake, ambaye ni baba yangu. Habari za mtoto hakuzipata tena.

Kwa hiyo hakuwahi kufanya matanga. Kwetu humlilii mtu ambaye hujaambiwa kwamba amekufa. Ni kama kumsukuma kaburini kwa mkono wako mwenyewe. Wanawake wa kanisani walimwambia, "Mama Bagula, fanya hata maombi kidogo, upumzike." Aliwajibu, "Mimi niliwaambia nimechoka?"

Alichobaki nacho ni kovu. Bagula alipokuwa na miaka mitatu aliangusha mbabula, lile jiko la makaa, na kaa moja likamwangukia juu ya mguu wa kushoto. Pakabaki alama yenye umbo la jani la mharagwe. Shangazi aliweza kuichora kwa kidole juu ya meza, na mara nyingi aliichora bila kujua kwamba anachora.

Mimi ndiye niliyeleta kitabu nyumbani. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na katika somo la tenzi za kale za Wayunani tulipewa hadithi ya mfalme wa kisiwa kidogo aliyekwenda kwenye vita vya Troya, vikachukua miaka kumi, kisha akapotea baharini miaka kumi mingine kabla ya kufika kwake. Darasani sikuwa na ujasiri wa kufungua mdomo. Nyumbani, Jumapili, wakati shangazi anakunja nguo, nilimsomea kwa kutafsiri papo hapo. Jumamosi hakukubali. Sisi ni Wasabato, na alisema miungu ya Wayunani ingojee Sabato iishe.

"Bon, huyu mfalme yako alikawia wapi?"

"Vitani miaka kumi, tante. Njiani miaka kumi."

"Makumi mbili tu? Mimi nimemzidi na mwaka moja."

Nilipofika kwenye zimwi lenye jicho moja ambalo kila jioni huwaingiza kondoo wake pangoni na kila asubuhi huwatoa, alicheka mpaka akaweka shuka chini. "Jicho moja, na kila siku anachunga nani ameingia na nani ametoka? Huyo si zimwi, Gentille. Huyo ni chef wetu wa zamu, kule kazini." Niliposoma kwamba mfalme aliishi miaka saba kisiwani kwa mwanamke mwingine, na kila siku alikuwa akililia nyumbani, aliguna. "Alikuwa analilia wapi? Chini ya blanketi ya yule mwanamke?" Lakini mke wa mfalme alimheshimu. Mke huyo alikuwa anafuma sanda mchana na kuifumua usiku, ili sanda isiishe, ili asilazimishwe kuolewa tena. Hapo shangazi aliacha kukunja. Kisha akasema polepole, "Anafuma sanda, kiisha anaifumua. Huyo sasa ni mwanamke."

Halafu tukafika kwa yaya mzee. Mfalme amerudi nyumbani amevaa matambara, hakuna anayemtambua, na yaya aliyemlea anaambiwa amwoshe mgeni huyo miguu. Anapitisha mkono, anagusa kovu la zamani, anajua. Mguu unamponyoka, unagonga beseni, maji yanamwagika.

"Rudia," shangazi alisema.

Nikarudia.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Alikuwa amesimama na foronya mkononi, na kidole chake kilikuwa kinachora jani la mharagwe juu ya kitambaa.

Jioni ile aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Na wale vijana wengine? Si alitoka na merikebu kumi na mbili?"

"Walikufa wote njiani. Alirudi peke yake."

"Mama zao waliambiwa na nani?"

Nilipekua kurasa. "Kitabu hakikai sana hapo, tante."

"Donc hiyo kitabu haijaisha," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Kulikuwa na sura moja ambayo sikumsomea. Niliiruka, nikamwambia inahusu upepo na mawimbi tu.

Mwezi wa tisa alipiga simu Angelika, rafiki wa shangazi tangu Uganda, anayeishi Columbus na kufanya kazi katika ghala. Alikuwa amekwenda mkutano wa kanisa huko Buffalo, na katika kuitana majina, kijana mmoja alisimama akajitaja: Bagula Bisimwa. Angelika alimfuata nje akamwomba namba. Hakumwambia kwa nini. Alituma namba hiyo kwetu pamoja na ujumbe wa sauti ambao nusu yake ilikuwa kilio.

Shangazi alipiga simu tukiwa jikoni, sauti imefunguliwa ili na mimi nisikie.

"Allô? Wewe ni Bagula?"

"Ndiyo."

"Baba yako ni nani?"

"Bisimwa."

"Mama?"

"Cibalonza Josephine. Nimezaliwa Uvira, tarehe moja mwezi wa kwanza. Mama alikuwa anauza mikate karibu na soko. Hatukuwa na ndugu wengine."

"Kuku yetu ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi. Ilikuwa inalala chini ya kitanda. Tulikuwa tunaiita Madamu."

Shangazi aliweka simu juu ya meza kama kitu cha moto, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Kwenye simu yule kijana aliuliza, "Nani anaongea?" Shangazi akainama juu ya meza akasema, "Mama yako." Ndipo ile sauti ikasema, kwa shida, "Mama."

Nakiri kwamba niliona kitu nikanyamaza. Alijibu haraka mno, kwa mpangilio mno, na tarehe ya kuzaliwa hakuulizwa. Bagula wa shangazi alizaliwa mwezi wa sita. Lakini baba yangu naye kwenye karatasi amezaliwa tarehe moja Januari. Mama yangu pia, na mimi, na shangazi mwenyewe, na nusu ya kanisa. Kila aliyepita kambini bila cheti alipewa siku hiyo. Na kila aliyepita kwenye mahojiano alijifunza kujibu hivyo, haraka na bila kuongeza. Nilijiambia kwamba yule ni mtu wetu kabisa.

Angelika, ambaye ana busara ya watu walioumizwa, alimwambia shangazi asiende na furaha yote mkononi. "Angalia ile alama kwanza, dada."

"Nitamwambia mwanaume mzima avue viatu?"

"Wewe si Msabato? Mwoshe miguu."

Ndivyo tulivyopanga. Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, watu huoshana miguu, na hakuna Msabato anayeshangaa mtu akimletea beseni. Mimi kichwani nilikuwa naona yaya mzee na maji yanayomwagika. Shangazi alinitazama akacheka. "Utasoma tena mara ya ine," alisema, "lakini hii mara tutasoma mimi na wewe, kwa macho."

Tuliondoka Ijumaa, mimi nikiendesha, tukalala Columbus kwa Angelika, na alfajiri tukaendelea kwenda Buffalo. Shangazi alivaa kitenge kipya na alikuwa na taulo nyeupe ambayo haijawahi kutumika. Sabato hanunui kitu, kwa hiyo ndagala, dagaa za ziwani kwetu, alizibeba kutoka Louisville, zimefungwa mara tatu, na gari zima lilinuka samaki. "Alikuwa anazila mbichi," alisema. "Nilikuwa namkimbiza na mwiko." Kila baada ya saa moja alinisimulia jambo jingine: namna Bagula alivyokuwa akilala na mkono mmoja nje ya blanketi, namna alivyomfundisha Madamu kuja akiitwa. Alikuwa anaongea kama mtu anayefungua sanduku lililofungwa kwa muda mrefu, na kila nguo anayoitoa bado inamtosha mwenyewe.

Kijana alikuwa akitungoja mtaani, karibu na Grant Street, nje ya nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi za mbao. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Shangazi alitoka kwenye gari kabla sijalizima vizuri. Alimkumbatia, na yule kijana akainama akaweka uso wake begani kwa shangazi, akalia kwa sauti. Hilo halikuwa uongo. Nimelifikiria mara nyingi, na nina hakika hilo halikuwa uongo.

Ndani palikuwa na kochi, meza, na picha moja ya kalenda. Alikuwa amepika wali na maharagwe. Shangazi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bon, mbele ya kula, lete beseni. Nataka nioshe mtoto yangu miguu."

Nilimwona akisita. Aliangalia mlango, kisha akaniangalia mimi, kisha akaenda chooni akaleta beseni la plastiki lenye maji ya uvuguvugu. Akakaa. Akavua kiatu cha kulia na soksi. Cha kushoto akakiacha.

Shangazi alipiga magoti. Aliuosha mguu wa kulia taratibu, kidole kwa kidole, akaukausha kwa taulo mpya. Aliuanza huo kama mtoto anayekula ugali na kuiacha nyama kwa mwisho. Kisha akanyoosha mkono na kumvua kiatu cha kushoto yeye mwenyewe.

Ngozi ilikuwa laini. Hapakuwa na jani la mharagwe, wala dalili kwamba liliwahi kuwapo.

Maji hayakumwagika. Mkono wa shangazi ulipita juu ya mguu ule mara moja, ukarudi, ukapita tena, ukabonyeza kama anayetafuta kitufe cha taa ukutani gizani. Kisha ukachota maji na kuendelea kuosha. Kisigino. Kati ya vidole. Hakuinua kichwa.

"Yeye alilala wapi?" aliuliza.

Yule kijana alitazama majini. "Kambini, mama. Upande wa Tanzania. Mwaka wa pili. Alikohoa wiki tatu."

"Nani alimzika?"

"Mama Béatrice na wanaume wa kijiji chetu cha kambi. Na mimi. Nilibeba jembe."

"Wewe ni nani?"

"Gatsinzi," alisema, na alilitamka kama mtu anayejaribu kama mlango bado unafunguka.

Alituambia mengine yote akiwa ameketi hivyo, mguu ukiwa ndani ya beseni. Alikuwa yatima, alifika kambini peke yake, na jina lake lilikuwa la watu ambao wenzake kambini waliwaona kuwa adui. Watoto walimpiga kwa sababu ya jina hilo. Bagula alimpa nusu ya blanketi. Chini ya blanketi hilo Bagula alimsimulia nyumba yao yote: mikate, soko, kuku mweusi. Bagula alipofariki, mama Béatrice hakwenda kusema ofisini, maana kadi ilikuwa na jina la mtoto, na palikuwa na mtoto pembeni asiyekuwa na kadi wala jina salama. "Alinambia, kuanzia leo wewe ni Bagula. Akanifundisha majibu. Baba nani, mama nani. Kila ofisi walikuwa wanauliza, nami najibu. Miaka makumi mbili, mama. Ulipopiga simu, nilifikiri ni ofisi."

"Nilikuambia mimi ni mama yako."

"Ndiyo."

"Juu ya nini ukaitika?"

Alifuta uso kwa mkono. "Sijawahi kumwita mtu vile tangu niko mdogo. Nilisema nitakupigia tena, nikuambie. Kila mara nilipopiga, ulikuwa unacheka."

Shangazi aliutoa mguu majini, akaukausha, akamvisha soksi. Kisha akabaki pale sakafuni.

"Nitaenda nirudishe jina," kijana akasema. "Nitasema ukweli. Ni lako. Nilikuwa nimeliazima tu."

"Ukilirudisha, wewe utabaki na nini?"

Kila kitu alichokuwa nacho, kazi, nyumba, karatasi za kukaa nchi hii, kilikuwa juu ya jina hilo.

"Alikupa nusu ya blanketi," shangazi akasema. "Mimi nitakunyang'anya?" Akashika ukingo wa kochi, akasimama kwa shida. "Tukule. Chakula inapoa."

Alikula matonge mawili. Ndagala hakuzifungua, alizipanga kwenye friji ya yule kijana bado zimefungwa, akafunga mlango.

Jumapili tulirudi hadi Columbus. Angelika alimlaza shangazi kwenye kochi, akamfunika. Kitabu changu kilikuwa kwenye mkoba, na shangazi alikiona.

"Nisomee ile uliruka."

"Ipi, tante?"

"Gentille. Hakuna kitabu inakuwa na sura nzima ya upepo."

Nikamsomea. Mfalme anashuka nchi ya wafu, na miongoni mwa vivuli anamkuta mama yake, ambaye alimwacha akiwa hai. Anataka kumkumbatia. Mara tatu anamrukia, mara tatu mama anampita mikononi kama ndoto.

"Mara tatu?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Mara tatu tu, kiisha akaacha?"

Nilifunga kitabu. Angelika aliingia jikoni, akafungua bomba la maji, akaliacha likimwagika bila kuosha kitu chochote.

Matanga yalifanyika Highview, nyumbani kwetu, siku tatu. Watu walikuja na vyakula, wanaume wakakaa nje kwenye viti vya kukunja ingawa baridi ilikuwa imeanza. Kabla ya hapo mchungaji wetu, Severin, alikuja kuandika tangazo la kutuma kwenye simu za waumini.

"Jina la marehemu, mama?"

"Andika, mtoto wa Cibalonza."

"Mama, mtoto iko na jina. Tutamlilia vipi bila jina?"

"Andika hivyo, Pasta. Mungu anamjua."

Severin alinitazama, nami nikatazama chini. Tangazo likienda kwa watu mia nne likisema Bagula Bisimwa alikufa mtoto katika kambi, lingefika Buffalo kabla ya saa ya chakula, na baada ya Buffalo hakuna ajuaye lingefika wapi. Basi wanawake, walioombwa wasilitaje jina, walilia siku tatu wakisema mtoto, mtoto wetu, mtoto wa mama huyu. Shangazi alikuwa nalo mdomoni, na nilimwona akilimeza. Kila wimbo ulipofika mahali pa kumtaja marehemu, midomo yake ilijifunga, na kidole chake kikachora juu ya goti. Miaka ishirini na mmoja alilitaja jina hilo kwa kila mtu aliyekubali kusikia. Siku aliyopewa ruhusa ya kulililia, hakuweza kulitamka.

Siku ya tatu, watu walipokuwa wanaondoka, aliniita jikoni.

"Yule mfalme," alisema. "Alivyofika kwake, kitabu inasema alifanya nini?"

"Aliwapiga maadui zake. Akalala na mkewe. Akaenda kumwona baba yake."

"Uongo. Alikuwa na nyumba nyingi za kuzunguka. Merikebu kumi na mbili, fikiri ni mama wangapi. Alibisha kila mlango, akakaa, akavua viatu."

Amerudi kazini. Anawaosha wazee wake, ila habari za miguu hatusimulii tena. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, simu yake huita akiwa jikoni. Siku ile ya kwanza, mwezi wa tisa, aliihifadhi namba hiyo kwa herufi kubwa: BAGULA MWANANGU. Hajaibadilisha. Nilijitolea kumbadilishia, akaniondoa mkono.

Simu inapoita hapokei mara moja. Anafuta mikono kwenye aproni, anaishika, anaangalia jina linavyowaka kwenye kioo. Inaita mara moja, mbili, tatu. Inapokaribia kukatika, anaiweka sikioni.

"Gatsinzi," anasema. "Umekula?"